Ombi likae aya ya kwanza au ya mwisho?

Niliwahi kushika dokezo sabili, yaani andiko la ndani ya ofisi linalopelekwa kwa mkubwa, la kurasa mbili katika ofisi moja ya umma, kichwa chake "Yah: Gari la Idara". Lilianza kwa "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu", likaeleza gari lilinunuliwa lini, madereva waliolitumia, safari za mikoani. Ombi lenyewe lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa pili: idhini ya kununua matairi manne. Mkubwa aliishia ukurasa wa kwanza, akaandika pembeni "Tuzungumze", faili likarudi masjala. Gari likakaa juu ya mawe wiki tatu.

Wanaotetea mpangilio huu wana hoja, tena nzito. Kwetu mtu hapigi hodi akadai papo hapo. Salamu kwanza, ndipo haja. Zaidi ya adabu, dokezo halisomwi na mkubwa peke yake. Mkaguzi atalifungua miaka mitano baadaye, mwandishi ameshahamishwa na aliyeidhinisha amestaafu, naye atataka kuona sababu kwa namba, kila moja na folio yake, yaani namba ya ukurasa ndani ya faili. Ukiifuta historia, aliyesaini umemwacha bila kinga.

Ila historia inaweza kuwepo bila kutangulia. Agosti 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, waziri mkuu wa Uingereza Winston Churchill aliwaandikia watendaji wa serikali yake waraka mfupi: ripoti ziwe na aya fupi za hoja kuu, takwimu na uchambuzi mrefu viende kwenye kiambatisho. Hakutaka kitu kitupwe, kihamishwe tu. Dokezo letu lingeanza hivi: "Naomba idhini ya kununua matairi manne ya gari la idara, yaliyopo yamekwisha na gari haliwezi kusafiri." Chini yake bei na kifungu cha bajeti, kisha historia kwa anayeihitaji. Na kichwa kingesema "Ombi la kununua matairi", maana "Gari la Idara" linafaa juu ya jalada, halimwambii msomaji anatakiwa afanye nini.

Barua ya kumnyima mtumishi uhamisho aliouomba amfuate mwenzi wake ni jambo jingine. Hapo ningetanguliza sababu, kwa kuwa msomaji ataumia na anastahili kuona kwamba ombi lake lilipimwa. Sentensi mbili zinatosha; zikizidi, macho yake yataziruka zote kwenda kutafuta neno "tunasikitika".