Kangomba hanunui Oktoba

Msimu wa korosho ukikaribia, vijiwe vya Newala na Tandahimba hurudia ubishi uleule: mkulima aendelee kuuza kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara mwaka 2007 ambamo anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti na kusubiri zipigwe mnada, au aachwe amuuzie amtakaye?

Wanaoutetea mfumo nawaelewa. Mwenye magunia matatu hana ubavu mbele ya mnunuzi anayepeleka korosho ghafi India na Vietnam. Korosho za vijiji kadhaa zikikusanywa ghala moja, zikapimwa kwa mizani na si kwa kopo, wanunuzi hushindana wao kwa wao. Mnadani kilo imewahi kufika shilingi 4,000. Bei hiyo hutaisikia kwa kangomba, mlanguzi anayenunua kijijini nje ya mfumo kinyume cha sheria, aliyekaa barazani kwako.

Wapinzani nao hawapigi kelele bure. Mnada ukikwama, wilaya nzima imekwama. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300. Malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri. Ila uhakiki wa nani mkulima na nani kangomba ukachukua miezi, shule zikafunguliwa Januari wengine wakiwa bado na karatasi mfukoni badala ya pesa. Ongeza makato ya mjengeko wa bei, yanayotolewa kabla mkulima hajalipwa: ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), chama kikuu, ghala na usafiri, utaona kwa nini anayetoa taslimu mlangoni hakosi wateja.

Lakini pande zote mbili zinabishania Oktoba, msimu wa mnada unapoanza, na kangomba hanunui Oktoba. Biashara yake huifanya Februari na Machi, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya bado mabichi shambani. Anatoa debe la unga au ada ya mtoto, mnaandikiana deni la korosho ambazo hazijatoa hata ua. Mikorosho inapochanua katikati ya mwaka, tayari ina mwenyewe mwingine. Mnada ukivunja rekodi, anayeshangilia ni yeye.

Kumkamata hakujazi chungu cha mtu. Ningeanza na AMCOS kukopesha Februari, kwa riba inayojulikana. Hatari ipo: ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukiingia kwenye maua, deni linabaki, na wapo viongozi wa vyama ambao mimi nisingewakabidhi hata kibubu. Wengine wanasema dawa ni viwanda. Kubangua huleta ujira nje ya msimu, hasa kwa kina mama, sawa. Ila kiwanda hupona kwa korosho ghafi za bei ndogo, na ushuru wa kuzizuia zisiende nje mnunuzi huukata kwenye bei anayomtajia mkulima. Kwa hiyo narudi kwenye mkopo, tena mdogo: wa unga na ada tu, uandikwe mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu akisikia nani kachukua kiasi gani.