Katumwa vitu vitatu, karudi na kimoja

Mama yuko jikoni, samaki kikaangoni. "Nenda dukani kalete sukari nusu kilo, chumvi na kibiriti, ukirudi pitia kwa bibi umwambie nakuja baada ya Alasiri." Mtoto wa miaka 9 anaitika, anatoka mbio, anarudi na kibiriti. Chenji hajui kaiweka wapi. Yanayofuata tunayajua: mpurukushani, hasikii, na mbona keram anakaa nayo masaa mawili?

Suala hilo la keram ndilo lenye jibu. Mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia na kutuliza mawazo, umakini anao, ila kuuelekeza panapotakiwa ndiko kunakomshinda. Keram inamjibu kila baada ya sekunde chache: kete imeingia au haikuingia. Sukari haimjibu kitu. Kushika agizo kichwani, kuanza kazi bila ya kusukumwa, kukadiria muda na kujizuia ni kazi zinazotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na kwa watoto hawa ubongo huchelewa kukomaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulikuta gamba la ubongo wao likifikia unene wake wa juu kwenye miaka 10 na nusu hivi, wakati kwa wenzao ni miaka 7 na nusu. Kwa maoni yangu, huyo wa miaka 9 apewe maagizo ya mtoto wa miaka 6, na pasiwe na aibu ndani yake.

Kwa hivyo usimpigie kelele kutoka jikoni. Mwendee, mguse bega, mwite jina, mpe agizo moja, kisha mwambie alirudie kwa mdomo wake. Vikiwa vitu vitatu, viandike kwenye kikaratasi, ukikunje pamoja na pesa ndani ya mfuko atakaotilia vitu. Kikaratasi kikibaki mezani hakina faida, kwa sababu anachokihitaji ni ukumbusho mbele ya kaunta ya duka. Ujumbe wa bibi ungoje safari ya pili.

Malipo nayo yawe ya papo hapo. Kumuahidi nguo ya Sikukuu tangu Mfungo Sita ni kupoteza maneno, maana kwake muda ni sasa, au haupo. Bakora ndiyo mbaya zaidi: humfundisha kuficha chenji iliyopotea, na kumbukumbu inabaki vilevile.

Chuoni, kwenye kusoma Kurani, mtoto huyohuyo anaweza kwenda vizuri, watu wakashangaa. Pale anasoma kwa sauti, aya fupi, mwili unayumba, maalim anamsahihisha hapohapo. Skuli anatakiwa kunakili ubao mzima kimya: asome mstari, aushike, ainamishe kichwa, auandike, kisha macho yarudi palepale yalipotoka. Mstari unapotea njiani. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha, na ampe hesabu 5 zilizokwisha kuandikwa badala ya kumnakilisha 10. Hapo atakuwa anapima hesabu kweli. Nyumbani, dakika 10 za daftari, kisha dakika 3 akachote maji, kisha arudi.

Wazazi wengi huvunjika moyo wiki ya tatu. Kikaratasi kilifanya kazi, sasa hakionekani tena. Ni kawaida: kitu kipya kikizoeleka hakimvuti. Badilisha rangi au pahali, lakini usikiondoe ati kwa kuwa kapona.

Si kila mtundu ana ADHD. Vigezo vinavyotumika vinataka dalili zisizopungua 6 kati ya 9, za kutotulia kimawazo au za utukutu, zilizodumu miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana pahali pawili au zaidi. Kwanza apimwe masikio na macho, na damu pia, kwani upungufu wa damu unaoletwa na minyoo nao humfanya mtoto azubae. Akiganda sekunde chache huku kakodoa macho, bila ya kusikia jina lake, mwambie daktari, inaweza kuwa kifafa. Na ukielekezwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, jina lisikutishe.

Siku ya kwenda, chukua daftari lenye maandishi ya wiki mbili: kasahau nini, saa ngapi, alikuwa akifanya nini. Ukurasa mmoja wa nyumbani, mmoja wa skuli, na mmoja wa maalim wa chuoni.