Msamba wa Saluni: Maelezo Rasmi ya Mhusika

Naona video imeshafika mpaka kwa mashemeji zangu wa Morogoro, kwa hiyo sina tena cha kuficha. Jamaa yangu aliyeirusha ameandika chini yake "mzee mzima kateleza saluni." Kateleza! Mtu anayeteleza hana mpango. Mimi nilikuwa na mpango. Basi na mimi niacheni niseme yangu, nikiwa hapa kwenye kochi, mguu mmoja juu ya mto, kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu.

Saluni yenyewe ni ile ya Magomeni, wanaoijua wanaijua, mlango wa kioo, picha za timu ya Simba ukuta mzima mpaka kwenye kalenda. Jumamosi jioni, foleni imejaa. Mimi niko kwenye kiti, nimefungwa lile joho jeusi shingoni, mashine inatembea taratibu, na kwenye televisheni ya ukutani mtu kachomeka flashi. Kuinua macho, naona Mortal Kombat, filamu ya mapigano. Ile ya 1995. Ile yenyewe.

Wa rika langu nadhani mmeshaanza kusikia ule wimbo kichwani. Sisi tuliiona kwenye kibanda umiza, kanda ya VHS iliyorudufiwa mpaka chenga zilikuwa nyingi kuliko waigizaji. Bwana wa kibanda hakujua Kiingereza cha maana, lakini alitutafsiria mwanzo mwisho, anajitutumua na kipaza sauti kumuiga Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu. Kwa tafsiri yake, Shang Tsung alikuwa mganga kutoka Sumbawanga anayekusanya misukule. Na mpaka leo sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Yule mzee kazi yake kunyonya roho za watu, akimaliza anasema roho yako ni yangu. Sasa huyo utamwita nani? Cary-Hiroyuki Tagawa aliigiza yale macho mpaka sisi tukawa tunaogopa kwenda chooni usiku.

Tulipotoka pale kibandani, mtaa ukawa uwanja wa vita. Kamba ya kuanikia nguo ikawa mkuki wa Scorpion, yule wa nguo za njano. Kila mtu anataka kuwa Liu Kang, yule steringi, wanyonge wanapewa Kano, yule jambazi. Na ndoo! Mnaikumbuka ndoo? Sub-Zero anajizungushia baridi, Liu Kang hana pa kupita, anakumbuka fumbo aliloambiwa na Kitana, anarusha maji ya ndoo, maji yanagandia hewani yanakuwa mkuki wa barafu, Sub-Zero kwisha habari. Mimi nilijaribu kwa dumu la maji ya kununua. Hayakuganda. Kilichonipata kutoka kwa mama kilikuwa cha moto kabisa.

Turudi saluni.

Kwenye benchi kuna dogo mmoja, ndevu ndiyo kwanza zinaomba kibali cha kuota. Goro akatokea kwenye skrini, jitu la mikono minne, bingwa wa mashindano, tishio la ulimwengu. Dogo akacheka.

"Anko, sasa hili si doli?"

Doli.

Nikageuka na kiti chote. Kinyozi akaondoa mashine haraka: "Kaka, tulia, nitakuchonga sikio." Nikamwambia sikio litapona, hili neno halitapona. Nikaanza somo. Kwamba Goro yule alitengenezwa kwa mikono, mtu kavalishwa vazi kubwa, ndani yake mitambo, nje yake kundi la watu wanaendesha uso unune na mikono ichezecheze. Alikuwepo pale, mzima. Johnny Cage, yule mpiganaji mwigizaji wa miwani, akisimama mbele yake, kasimama mbele ya kitu. Hii yenu ya 2021 Goro kachorwa na kompyuta. Tena mhusika mkuu ni Cole Young, mtu ambaye kwenye michezo ya video iliyozaa filamu hakuwepo, na Johnny Cage hayumo kabisa, mpaka mwisho ndiyo unaona bango lake ukutani. Bango! Kiingilio nimelipa nione bango?

Dogo naye hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Lakini anko, hii ya kwenu hata damu haina."

Hoja nzuri, na jibu nilikuwa nalo tayari. Mchezo ulipotoka 1992, kazi ya Ed Boon na John Tobias, damu yake ilikuwa nyingi mpaka mwaka uliofuata maseneta wa Marekani wakakaa kikao kuijadili. Filamu wakaipunguza makali ili hata watoto wakubwa waingie ukumbini. Bila damu ikaongoza mauzo Marekani wiki tatu mfululizo. Ngumi ziliiuza. Na ukisikia Scorpion anaita watu kwa ile sauti ya kukwaruza, ujue ni koo la Ed Boon mwenyewe.

(Ndiyo, haya yote niliyasema nikiwa na nusu kichwa. Jamaa yangu amekata kipande hiki kwenye video. Inaonyesha nia yake.)

Wakati huo pambano la Johnny Cage na Goro linakaribia, na mimi nataka dogo aelewe anachokwenda kuona. Nikamwambia, angalia msamba unakuja. Johnny Cage alibuniwa kwa kumtania Van Damme. Waliotengeneza mchezo walimtaka Van Damme mwenyewe kwanza, mambo hayakwenda, yeye akaja kuonekana kwenye Street Fighter ya 1994. Lakini ule msamba na ngumi ya kule chini ni urithi wake.

Dogo akauliza: "Van Damme ni nani?"

Kinyozi akazima mashine. Mzee aliyekuwa anasoma gazeti akalishusha. Mtu amekulia Dar es Salaam, anapanda daladala, anakula mihogo Coco Beach, hamjui Van Damme, mfalme wa msamba kwenye filamu. Kama kuna mwenye kustahili lawama kwenye tukio hili, tuanzie kwa wazazi wake.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikasema, "Msamba hata mimi napiga."

Sikusema uongo. Enzi zangu nilikuwa naupiga pale pale Coco, jioni, mbele ya mashahidi, na wengine wako hai. Ila Coco ni mchanga.

Nikashuka kwenye kiti. Mzee wa gazeti akasema taratibu, "Mwanangu, kaa." Kinyozi akasema, "Kaka, tumalize kwanza upande huu." Kwenye video utaona wazi kwamba jamaa yangu aliinua simu kabla mimi sijainuka. Rafiki wa kweli angenishika mkono.

Sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo maneno mengi yamepotoshwa. Mpango wangu ulikuwa kushuka nusu. Nusu tu! Mkono wa kushoto umeshika kiti kwa usalama, mkono wa kulia unatupa ngumi, narudi juu, dogo anaomba radhi kwa niaba ya kizazi chake. Mpango hauna kasoro. Ila kulikuwa na nywele za watu sakafuni, juu ya nywele kuna poda, chini ya poda kuna vigae, na mimi nimevaa malapa. Na kiti cha kinyozi, waungwana, kinazunguka.

Nikaanza kushuka. Mwanzo ulikuwa mzuri sana, na ninaomba hilo liandikwe. Mguu wa kulia ulitulia mahali pake. Mguu wa kushoto ukasogea kidogo, ukaonja poda, kisha ukaondoka kama daladala iliyoona trafiki, bila kuniaga. Nikakumbatia kiti. Kiti kikazunguka. Nilipofika nusu niliyoipanga, niliipita. Niliiona kabisa ikibaki juu. Nikaanza kupita sehemu ambazo mwili wangu haujazitembelea tangu kanda za VHS zilipoacha kuuzwa. Nyonga ikauliza swali. Paja likajibu. Kisha ukasikika mlio mmoja mrefu wa kitambaa, na wote mle ndani tukajua ni jinzi yangu, mshono wa katikati, kutoka zipu mpaka karibu na mkanda wa nyuma.

Nikafika chini. Msamba kamili. Johnny Cage mwenyewe angepiga makofi.

Na ngumi nikaitupa! Mwili ulikuwa umeshapewa amri, ukatekeleza. Mbele yangu hakukuwa na Goro, kulikuwa na ndoo ya kinyozi ya kusuuzia taulo. Ikaruka, ikageuka, ikarudi kwangu na maji yote. Hayakuganda safari hii pia.

Kimya. Feni tu inazunguka.

Jamaa yangu ameandika nililia "mama." Si kweli. Nilisema "Mama yangu nakufa," sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Shida ni boksa. Siku hiyo nilikuwa nimevaa ya njano, njano inayopiga kelele, na joho lilikuwa limerukia mabegani. Dogo akaropoka, "Scorpion huyo!" Watu wakaanguka kwa vicheko. Lakini kinyozi hakucheka. Kinyozi alikuwa anaangalia ile njano, akaangalia picha zake za Simba, akaniangalia mimi. Miaka yote nanyolewa pale kwa bei ya mwana-Simba. Miaka yote nikiulizwa mechi ilikuwaje najibu "tumeonewa na mwamuzi," neno salama kwa timu yoyote.

"Kumbe kaka wewe ni wa Jangwani, ni Yanga?"

Nikiwa nimetandazwa sakafuni kwake, nimelowa, jinzi mbili badala ya moja, nikaanza kumweleza kwamba boksa ni zawadi. Mnajua kwamba hakuna mtu amewahi kueleweka akiwa katika msamba?

Na sasa kutoka pale haikuwezekana. Kujaribu kuinuka, misuli inakataa. Kujaribu kulala ubavu, inakataa kwa kelele zaidi. Kila mtu ana ushauri. Mmoja anasema nivutwe miguu, mwingine anasema nivutwe mikono, mmoja wa bodaboda aliyechungulia mlangoni anauliza kama kuna sabuni. Mzee wa gazeti akawazuia: "Msimguse, atachanika na yeye." Nikainua macho kwenye televisheni. Johnny Cage alishasimama zamani, alishakimbia, Goro alishavunja ile miwani ya dola 500, alishaporomoka gengeni, watu wameshasonga mbele na filamu yao. Mimi bado niko kwenye ngumi ya kwanza.

Dogo ndiye aliyenitoa. Alipita nyuma, akanishika kwapa, mtu wa bodaboda akashika upande mwingine, wakanibeba hivyo hivyo na umbo langu mpaka kwenye bajaji. Bodaboda nilipewa bure nikakataa, nadhani mnaelewa kwa nini. Ndani ya bajaji niliingia kimshazari, unyayo mmoja uko nje unasalimia Magomeni yote, na joho la kinyozi bado liko shingoni. Zahanati, nesi akaniuliza nimefanya nini, nikasema nimeanguka, akasema "pole," akageuka, mabega yakaanza kumtikisika. Video ilikuwa imeshanitangulia. Msuli wa paja umevutika, nipumzike, niweke barafu. Barafu! Sub-Zero kanisubiri tangu utotoni.

Mke wangu alifungua mlango, akatazama kichwa, akatazama jinzi, akarudi jikoni. Hajasema kitu mpaka leo, na mimi siulizi.

Mnaoandika kwamba "mambo ya kwenye filamu yaacheni kwenye filamu," kumbukeni Linden Ashby, Johnny Cage mwenyewe, aliumia figo akipigana na Scorpion, na Robin Shou, Liu Kang wetu, aliumia mbavu kwenye pambano la Reptile. Walikuwa watu wa mazoezi na waliumia. Tofauti yetu ni ndogo tu, wao walilipwa.

Jana dogo alikuja kuniona, kaniletea machungwa. Ana adabu yule mtoto, amenipa shikamoo mbili. Tukaiweka ile ya 1995 tangu mwanzo. Alipofika kwenye ndoo akanyamaza, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Mwisho akaniuliza Van Damme aanze na ipi, nikamwandikia orodha. Akanipa na salamu za kinyozi: joho analitaka, ndoo imepasuka, na nikirudi kumalizia upande wa kushoto bei yangu imebadilika.

Nawaomba mliobaki na ile video muifute. Nina watoto, nina kazi, nina shemeji wa heshima. Isipokuwa wewe uliyeiwekea ule wimbo, ukapanga ile sauti ya kutaja jina la mchezo ianguke pale pale jinzi inapoachia. Wewe iache. Hiyo umeipatia.