Gunia Limelipa Nauli

Leo nimemlipia nauli gunia. Nimelilipia, samahani, hasira imenivuruga hadi ngeli.

Nimetoka Njoro kumwona binti yangu anayesoma Egerton. Mji wenyewe ni mdogo: ukipiga chafya sokoni, bodaboda wa mwisho anakwambia pole. Kisha ni ngano, viazi na baridi, mlima mpaka Mau. Chuo kilianza 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu 1987. Mlowezi aliyekianzisha, Lord Egerton, alijijengea kasri la vyumba zaidi ya 50 huko huko, na wanasimulia kuwa mwanamke aliyejengewa alikataa kuingia. Mimi na mama watoto tuko chumba kimoja Kayole, Nairobi, pazia katikati, na hajanikataa. Bado.

Basi binti akasema, "Baba, viazi huku ni kama bure, mpelekee mama." Bure! Hamali wa Nyamakima, kituo cha magari Nairobi, alitaka mia mbili kuvusha gunia barabara tu. Hayo tuyaache.

Kwenye matatu ya Kayole makanga akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Mzee, huyu analipa."

"Nani?"

"Huyu mwenzako."

Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama, kwamba hivyo ni viazi.

"Vitakaa kwa kiti?"

"Vitakaa."

"Basi. Mia."

Nikalipa. Nikaliketisha dirishani, nikalifunga na mkanda. Kama ni abiria, liheshimiwe. Kufika Jogoo Road akapanda mama na mtoto mgongoni, na yule kijana, bila haya: "Mzee, toa mzigo, mama akae."

Mzigo! Dakika kumi zilizopita alikuwa mwenzangu! Nikasimama nidai haki ya gunia, kichwa kikagonga chuma, hotuba ikaishia hapo. Nyuma mtu akasema, "Si umpakate tu, mzee?" Gari zima likacheka, hata mtoto.

Nimelipakata. Kilo 50, matuta yote, foleni yote. Mia yangu sijarudishiwa. Mapaja siyasikii mpaka sasa.

Nyumbani mama watoto amelizunguka mara mbili, akauliza, "Na vitunguu?" Sijajibu. Tumeliweka upande wangu wa pazia, maana upande wake kuna jiko. Keateka, mwangalizi wa ploti tuliyopanga, amepita akachungulia, anataka kujua kama mgeni analala, kwa sababu maji ya ploti ni ya watu wawili.