Miezi 274 ya Zohali: tuhesabu kila kokoto?

Septemba 2025 binti mmoja wa darasa la sita alinifuata nyumbani akiwa na karatasi ya jaribio la sayansi. Swali lenyewe lilikuwa fupi: sayari ya Zohali ina miezi mingapi? Yeye aliandika 274. Msahihishaji akampa mkasi mwekundu, na pembeni akaandika 62. "Shikamoo mwalimu. Mbona redioni walisema 274?" Alikuwa ameikunja karatasi ile mara nne, na alipoifungua niliona kalamu nyekundu ilivyokandamizwa mpaka ikaacha alama upande wa pili.

Redio ilisema kweli. Machi 2025 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitambua miezi mipya 128 ya Zohali kwa mkupuo mmoja, na jumla ikafika 274. Hiyo 62 nayo haikutungwa. Ilikuwa hesabu sahihi kwa takriban miaka kumi, hadi mwaka 2019 ilipopanda kuwa 82. Mwaka 2023 ikaruka tena, 145. Mimi niliyesoma shule ya msingi miaka ya 1990 nilikariri 18, nikapewa vema, na kwa wakati ule nilistahili.

Nilimwambia binti amepata. Lakini alipoondoka nikabaki na swali ambalo wanaastronomia wenyewe wanalijadili kwa dhati: hivyo vitu 128 ni miezi kweli? Kila upande una hoja, na hoja za pande zote mbili ni nzito kuliko nilivyodhani nilipoanza kuzipima.

Tuanze na namna vilivyopatikana. Hakuna chombo kilichokwenda kuvipiga picha kwa karibu. Mwanaastronomia Edward Ashton na wenzake walitumia darubini ya Canada-France-Hawaii, yenye kioo cha mita 3.6, iliyo juu ya mlima Mauna Kea kule Hawaii. Walipiga picha mfululizo kwa saa kadhaa za anga lililo karibu na Zohali. Kisha kwenye kompyuta wakazipandanisha picha hizo moja juu ya nyingine, huku wakizisogeza kwa mwendo uleule ambao Zohali inasogea angani. Nyota zikageuka michirizi. Kitu kinachosafiri na Zohali, ambacho kwenye picha moja hakionekani hata ukikodoa macho, kikajikusanyia mwanga kidogo kidogo mpaka kikawa nukta. Na nukta peke yake haitoshi. Walianza kufuatilia mwaka 2019, wakaendelea hadi 2021, wakarudi tena 2023, ili wajue kila nukta inapita njia gani na kwamba imefungwa kweli na mvuto wa Zohali. Vingi kati ya vitu hivyo vina upana wa kilomita chache tu, mwendo ambao mtu anaweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Wanaosema vihesabiwe vyote wana hoja moja iliyonyooka: mwezi ni kitu cha asili kinachoizunguka sayari. Ukubwa haumo katika maana hiyo, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia haujawahi kuweka kipimo cha chini. Wanaongeza kwamba historia imewaumbua wote waliotaka hesabu ifungwe mapema. Christiaan Huygens aligundua Titan mwaka 1655, mwezi wa kwanza wa Zohali kujulikana. Wakati huo zilijulikana sayari sita, Dunia ikiwemo, na Titan ikawa mwezi wa sita ukijumlisha mwezi wetu na ile minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Sita na sita, kumi na mbili. Huygens aliiona 12 kuwa namba kamilifu, akaamini hakuna zaidi ya kutafuta. Mwaka 1671 Giovanni Cassini akiwa Paris akauona Iapetus, mwaka uliofuata akauona Rhea, na mwaka 1684 akaongeza miwili, Tethys na Dione.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Vipande hivi vya mbali ni ushahidi. Vingi huizunguka Zohali kinyumenyume, yaani kinyume na sayari yenyewe inavyojizungusha, kwa hiyo havikuzaliwa pamoja nayo, vilinaswa vikipita. Na kwa kuwa vidogo ni vingi mno ukilinganisha na vikubwa, watafiti wanaona dalili za mgongano: mwezi uliokuwa mkubwa zaidi ulivunjika, huenda ndani ya miaka milioni 100 iliyopita, na kundi moja linaloitwa kwa jina la mwezi Mundilfari ndilo mabaki yake. Mtu akivitupa vipande hivyo nje ya daftari kwa sababu ya udogo wao, amekitupa kisa chenyewe.

Upande wa pili unajibu kwa kipimo kingine: uzito. Ukichukua kila kitu kinachoizunguka Zohali, pete zote na miezi yote 274, takriban asilimia 96 ya uzito wake imo ndani ya Titan peke yake. Titan ina upana wa kilomita 5,150 hivi, ni kubwa kuliko sayari ya Utaridi, ina hewa nzito ya naitrojeni, mvua ya methani, na maziwa ambayo chombo cha angani kilichopewa jina la Cassini kiliyapima kwa rada. Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 tu, unarusha maji angani kutoka bahari iliyofunikwa na barafu. Kuziweka dunia kama hizo kwenye orodha moja na jiwe la kilomita tatu lisilo na jina ila herufi na tarakimu, wanasema, ni kumfanya msomaji aamini kwamba vitu hivi ni vya aina moja.

Wanauliza pia utasimama wapi. Pete za Zohali ni mabilioni ya mapande ya barafu, mengine kama punje ya mchanga, mengine kama nyumba, na kila pande linaizunguka sayari kwa njia yake. Kama jiwe la kilomita tatu ni mwezi, la mita mia tatu je? La mita tatu? Mshtarii nayo inasemekana "kushindwa" na Zohali kwa wingi wa miezi, wakati mwaka 2020 Ashton na wenzake wawili walikadiria kwamba Mshtarii inaweza kuwa na vitu kama 600 vyenye upana wa mita 800 na kuendelea. Vichwa vya habari vya "mfalme wa miezi" havisemi mshindi amepatikana kwa kipimo cha ukubwa gani, ilhali ukishusha au kupandisha kipimo hicho hesabu yote inabadilika. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Basi tuweke mpaka? Mpaka uliopendekezwa mara nyingi ni umbo. Sayari mwaka 2006 iliwekewa sharti kwamba iwe na uzito wa kutosha kujivuta yenyewe mpaka iwe duara. Tukitumia sharti hilo kwa miezi, Zohali inabaki na saba: Mimas, Enceladus, Tethys, Dione, Rhea, Titan na Iapetus. Namba nzuri, inakaririka. Mimi mwenyewe niliipenda kwa siku mbili tatu.

Kilichonibadilisha ni Iapetus. Cassini alipougundua aliuona ukiwa upande wa magharibi wa Zohali tu. Ulipohamia mashariki ulipotea, ukarudi tena magharibi. Alikisia sawasawa kwamba uso wake mmoja ni mweupe na mwingine mweusi, na kwamba daima unaielekezea Zohali upande uleule. Lakini nani aliupaka weusi? Jibu lilipata nguvu mwaka 2009, pale darubini ya angani ya Spitzer ilipoona pete kubwa mno ya vumbi hafifu mbali sana na Zohali. Vumbi hilo linatoka kwa Phoebe, mwezi wa upana wa kilomita 213 hivi unaozunguka kinyumenyume. Vumbi linateremka kuelekea ndani, na Iapetus inalipokea usoni kama pikipiki inavyopokea wadudu jioni. Hapo joto la jua likamalizia kazi: sehemu iliyokwisha kuwa nyeusi inapata joto zaidi, barafu yake inayeyukia angani na kwenda kuganda upande mweupe.

Phoebe si duara kamili. Kwa sharti la umbo tungemwondoa mpakaji tukabaki na ukuta uliopakwa. Na si yeye pekee. Daphnis, wenye upana wa kilomita nane tu, unapita ndani ya mwanya wa pete na kuinua kingo zake kama mtumbwi unavyoacha mawimbi. Mwanya huo upo kwa sababu Daphnis yupo. Mstari ule unaopita kati ya kundi la saba na miezi iliyobaki ni wa kwetu sisi, haumo angani.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna jambo la kuongeza hapa, na sioni likisemwa. Neno letu ni moja. Mwezi ni ule unaomulika usiku, na mwezi ni siku 29 au 30. Kwa maana ya mwanga, mengi ya mawe haya yamekosa sifa: ukielea juu ya mawingu ya Zohali, jiwe la kilomita tatu lililo umbali wa kilomita milioni 20 usingeliona kwa jicho, sembuse kutembea kwa mbalamwezi yake. Lakini kwa maana ya muda, hakuna lililokosa. Mwezi wa Mimas unatimia chini ya saa 23, wa Titan siku 16, wa Phoebe siku 550. Wazee wetu walioungoja mwezi uandame hawakuwa wakipima ukubwa wake. Walijua utarudi, na walijua takriban lini.

Kwa kipimo hicho swali la punje za pete linajibika. Punje hizo zinagongana na kusukumana kila mara, na hakuna anayeweza kuishika moja kwa jicho na kuahidi kesho itakuwa wapi. Kuna vipande vikubwa kidogo ndani ya pete, kama kile kilichopewa jina Blériot, ambavyo watafiti wa chombo cha Cassini walivifuatilia kwa miaka kadhaa. Navyo njia zao zinayumbayumba, na havimo kwenye zile 274. Miezi 128 mipya ilikubaliwa kwa sababu tu kila mmoja njia yake ilijulikana vya kutosha kutabirika.

Kwa hiyo nipo na wanaohesabu vyote, ila kwa sharti ambalo nao mara nyingi hulisahau. Kama mwezi ni kitu ambacho tumeijua njia yake, basi 274 inaeleza yaliyopo Zohali na inaeleza vilevile tumeona kiasi gani mpaka sasa. Namba hiyo haitakiwi kuandikwa bila tarehe pembeni yake. Na swali la "miezi mingapi" halifai kwenye mtihani wa mtoto, kwa sababu mwongozo wa kusahihishia huchakaa kabla ya wino kukauka, na anayeadhibiwa ni yule aliyesikiliza taarifa ya habari. Muulizeni kwa nini Iapetus ni mweusi upande mmoja. Muulizeni Titan inazunguka kwa siku ngapi, na mjue jibu hilo anaweza kulipata bila kitabu.

Binti yule alilipata. Nina darubini ndogo ya milimita 70, na Oktoba mwaka ule Zohali ilikuwa juu kabisa saa tatu na nusu usiku. Pete zilikuwa zimetugeuzia ukingo, zikaonekana kama sindano iliyochomekwa kwenye ushanga. Titan ilikuwa nukta moja pembeni, kwenye mstari uleule wa sindano. Nilimpa daftari, nikamwambia achore duara la Zohali na nukta ilipo, kila usiku, hata kama haoni sababu. Usiku wa tatu mawingu yalimkosesha. Usiku wa tano nukta ilikuwa imesogea karibu sana na pete hata akaniita nihakikishe. Usiku wa tisa alichora nukta upande wa pili wa Zohali, akaandika tarehe, kisha akarudi kurasa za nyuma akaanza kuhesabu kwa vidole.