Andazi la jua

Jana, tarehe 21 Januari, bosi wangu kaingia kazini na sinia la maandazi. Si yetu ya hiliki. Haya ya duara, ndani yana jamu. Nikauliza nani kazaliwa. Akasema: "Jua."

Hapa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Hata likichomoza milima hulificha siku kadhaa, ndiyo maana mji mzima unaingoja tarehe 21. Adhuhuri huwa na mwanga wa buluu tu, kama alfajiri iliyosahau kukucha. Swala napanga kwa saa za Makka, na nanyweshwa mafuta ya samaki kama mtoto wa kliniki. Basi tukatoka kwenye theluji, midomo imejaa sukari, tukaliona: kipande chembamba juu ya mlima, dakika chache tu. Mhasibu wetu, mama asiyenisalimia hata siku za heri, alikuwa analia. Nami nililia, nikasingizia upepo.

Nikatuma picha kwenye kundi la familia. Shemeji akajibu: "Njoo Tanga tukugaie, limetuchoma mpaka utosini." Mwingine: "Kaenda Ulaya kawa mwabudu jua!"

Jamani. Suratu Shamsi tuliihifadhi pamoja chuoni, na bakora tukala pamoja: Mola mwenyewe kaliapia jua. Wala sijasema Wazungu wametushinda. Nilimuuliza bosi wanamshukuru nani, akapandisha mabega, akachukua andazi la pili. Hilo liliniudhi, sifichi. Barua yao haina anwani. Lakini sisi wenye anwani, tuliandika lini mara ya mwisho?

Maji yakitoka bombani usiku wa manane, alhamdulillahi. Umeme ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele. Jua halijawahi kukatika, ndiyo maana halina wa kulishangilia. Sare za shule zinaanikwa saa mbili, saa nne zishakauka, nani kasema neno? Mimi mwenyewe miaka 26 pale Ngamiani, Tanga, nililikimbia kwa mwavuli. Kwa hiyo mnaosema najifanya nimeerevuka: sikuerevuka, nilinyang'anywa.

Shemeji hajabishana tena. Ila leo asubuhi kanitumia picha ya kamba ya nguo uani, jua tele, bila neno hata moja. Sijui ni kejeli. Nimeifungua mara nne tangu nifike kazini, na nje bado giza.