Gari Linaoga Maji ya Moto, Mimi Je?

Leo nimeingia kwenye kikao cha chama chetu cha kuzikana nikiwa na barafu kwenye masharubu. Mimi, katibu. Wajumbe wakadhani nimelia njiani, na mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani tena?"

Hakuna aliyekufa, jamani. Ni maji ya waipa.

Mlioko huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, siwaelezi baridi ya Januari. Niko barabara ya 94, mbele yangu lori, ile rojorojo ya theluji na chumvi ikanipaka kioo chote chokaa. Nikavuta mkono wa waipa. Nzzzz. Maji hakuna. Waipa zenyewe zikaitawanya chumvi kwa haki, kila upande ukapata fungu lake. Nikashusha dirisha nikatoa kichwa nje, nyuzi 18 chini ya sifuri, na suti na tai, kama utingo.

Na kinachoniuma ni kwamba mtungi wa maji ulikuwa wa moto. Moto hasa, unaweza kumwogesha mtoto.

Gari langu ni dizeli la mwaka 1985, Mjerumani mwenye makuu. Usiku nalichomeka ukutani kama simu ili injini isipoe. Asubuhi nangoja plagi zipate moto ndipo niwashe. Mafuta nayo nayatilia dawa yasigeuke uji. Bili ya umeme tuiache. Basi mwezi huu maji ya waipa nayo yakaganda mtungini. Ni yale ya buluu, chupa imeandikwa yanahimili hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, ila tangu Septemba nilikuwa nayaongezea maji ya bomba. Kidogo. Sawa, nusu kwa nusu. Mke wangu asisikie.

Anayesikia kila kitu ni kaka yake. Jumamosi akaja na roli la bomba la shaba begani. "Shemeji, hilo jambo dogo. Tunayapikia humohumo."

Akalizungusha bomba kwenye chupa ya chai ya dada yake mpaka likawa kama springi. Nikamwuliza kama ameshawahi kufanya kazi hii. Akasema Tanga alikuwa anatengeneza malori. Tanga, shemeji, mtungi wa waipa unaganda lini? Akajifanya hajasikia. Akatoboa mfuniko wa mtungi, akaitumbukiza springi yake, kisha akaukata mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita ya ndani. Akaukata bila kuubana kwanza! Maji ya rejeta yakamwingia kwenye mkono wa koti hadi kwapani. Akasimama kimya kidogo, akasema, "Hiyo nilitarajia."

Klipu zikafungwa. Maji ya injini sasa yapite kwenye springi, yapashe mtungi, yarudi zake. Tukawasha tukangoja. Injini ya dizeli ikiunguruma gari likiwa limesimama haipati joto upesi. Dakika 20 tunaitazama kama wazee wanaongoja posho. Shemeji akaingia ndani kula. Akala, akaongeza, akarudi na kijiti mdomoni, na mtungi ndiyo kwanza unaanza kutoa mvuke. Akacheka, akanipa mkono. "Vuta!" Nikavuta. Nzzzz.

Matundu ya kurushia maji yako juu ya boneti, na boneti ni barafu. Hilo hatukulipikia. Fundi akakimbia ndani akachukua draya ya nywele ya dada yake, akayapuliza matundu kwa waya uliotoka dirisha la jikoni. Maji yakaruka! Kioo kikatakata! Tukapigana mabega, majirani wakachungulia. Nikamlipa nauli na kuku mzima.

Sasa leo kwenye barabara kuu, upepo wa maili 60 kwa saa, nani angenipulizia draya? Nilipokaribia ukumbini moja ya matundu likazibuka lenyewe, maji yakafika kwenye kioo yakiwa ya moto, yakagandia palepale. Sasa nina kioo juu ya kioo.

Nikampigia shemeji. "Hapo," akasema, "inabidi tupashe na matundu." Anataka mita mbili zaidi za bomba. Nimemwambia kwanza aje amweleze dada yake kwa nini draya inanuka dizeli na Ijumaa ana harusi ya kwenda. Kakata simu. Nikasema labda ni mtandao, nikapiga tena, kumbe tayari anaongea na mjomba huko nyumbani, na mjomba naye kaniandikia sasa hivi: anasikia nimeanza kufunga mitambo ya magari Marekani, na kijana wake amemaliza chuo cha ufundi, hana kazi.